Mzee wa kanisa amekula akiba yetu. Je, imani bado ni ya kweli?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba hapa Malaba upande wa Uganda. Tulikuwa wanawake 32 wa kanisa moja, wengi wetu wajane, tukiweka akiba kila Jumapili baada ya ibada. Aliyeshika daftari na pesa ni mzee wa kanisa. Baada ya miaka miwili, tulipotaka kugawana kabla ya Krismasi, pesa hazikuwepo. Muda si mrefu tukaona vyumba vyake vya kupangisha vimeezekwa. Mpaka leo anasoma somo mbele yetu na kuongoza maombi. Tulipolalamika tuliambiwa tusimguse mpakwa mafuta wa Bwana, tusamehe, tusiliaibishe kanisa.

Kijana wangu mkubwa ameacha kusali. Anasema, "Mama, kama dini hii ingekuwa ya kweli ingewabadilisha kwanza wanaoihubiri." Nilikosa la kumjibu. Mimi bado naimba kwaya, lakini moyoni najiuliza kama ninachokiimba ni kweli. Je, nami nimekuwa mnafiki? Na zaidi ya hayo, niliokoka katika mkutano aliouongoza mzee huyo huyo. Je, wokovu wangu nao ni wa uongo?

JIBU

Amina, dada yangu. Asifiwe.

Nianze na neno ambalo inaonekana hakuna mtu wa kanisani kwenu aliyekubali kulitamka: mlichofanyiwa ni wizi. Si "changamoto", wala si "hitilafu ya mahesabu", wala si "shetani kutushambulia". Mtu alichukua pesa za wajane akazifanya mabati na matofali yake. Nalisema wazi mapema kwa sababu nimegundua kwamba watu wengi walioumizwa kanisani hawawezi kusikia jambo lingine lolote hadi wasikie kwanza mtu wa kanisa akiliita jambo hilo kwa jina lake.

Sasa kijana wako. Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi tunayowapa vijana wa umri wake. Jibu tulilozoea ni lile la noti bandia: kuwepo kwa noti bandia ya elfu hamsini hakumaanishi kwamba noti halali haipo, bali ni ushahidi kwamba ipo. Mimi mwenyewe niliwahi kulitumia. Siku hizi silitumii, na wewe mfanyabiashara wa mpakani utanielewa upesi. Wabadilishaji pesa wa hapo Malaba wakianza kupokea noti bandia siku hadi siku, hawatakaa wakifurahia kwamba mahali fulani noti halali ipo. Wataacha kuipokea noti hiyo kabisa. Kijana wako ndivyo alivyofanya. Amechoka kupokea.

Tena Yesu mwenyewe alimpa haki ya kutupima. Usiku wa mwisho kabla ya kusulubiwa aliwaambia wanafunzi wake kwamba watu wote watawatambua kuwa ni wake kwa kupendana kwao, Yohana 13:35. Hakusema watatambuliwa kwa kwaya wala kwa spika kubwa za mkutano. Kwa hiyo asiyeamini akitutazama akaona hatupendani, akasema "hawa si wake", anatumia kipimo tulichowekewa na Bwana. Paulo naye aliwaandikia watu wa dini kwamba jina la Mungu linatukanwa kati ya mataifa kwa sababu yao, Warumi 2:24. Sitamficha kijana wako hilo, na wewe usimfiche.

Tena tukitaka kuwa wa kweli, habari ya mzee wenu ni ndogo kuliko ile iliyoandikwa katika ardhi yetu. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni unawaona mahujaji kutoka Kenya wakivuka mpaka kwa miguu, rozari na chupa za maji mkononi, wakielekea Namugongo. Wanakwenda kuwakumbuka vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliochomwa moto siku hiyo mwaka 1886. Mashahidi wa imani wa miaka ile waliohesabiwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi wa waumini wale wa mwanzo walilisikia Neno kwa Kiswahili hiki hiki ninachokuandikia, kwa maana mmisionari Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878 alianza kufundisha kwa Kiswahili kabla Injili haijapatikana kwa Kiganda. Walikufa wakiomba. Habari yao tunaihubiri kila mwaka, na ni haki tuihubiri.

Lakini ni mara ngapi umesikia ikihubiriwa habari ya Januari 1892? Haikutimia hata miaka sita tangu ule moto, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda wakapigana vita pale Mengo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza akawapa Waprotestanti silaha, na bunduki yake ya Maxim, ya kumimina risasi mfululizo, ikaamua mambo. Wakatoliki wakafukuzwa hadi Buddu. Upande wa Waprotestanti uliongozwa na Katikiro (waziri mkuu) Apolo Kagwa, mtu ambaye mwaka 1886 alipigwa na Mwanga kwa sababu ya kumfuata Yesu. Watu waliopona mateso pamoja walielekezeana bunduki kwa ajili ya madaraka na mashamba, kila upande ukiliita jina lile lile.

Liko lingine, nalo nalitaja kwa uzito. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta maiti za ndugu zetu wa Rwanda hadi Ziwa Victoria, na huku kwetu walizikwa katika fukwe za Kasensero, Lambu na Ggolo. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo kwa sehemu kubwa. Watu walikimbilia makanisani, Ntarama na Nyamata, wakidhani hakuna atakayethubutu, na waliuawa humo humo ndani. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Na Gahini, ambako miaka ya 1930 moto wa uamsho uliwaka ukasambaa Afrika Mashariki yote, iko Rwanda hiyo hiyo.

Kijana wako akitaka ushahidi dhidi yetu hana haja ya kuishia kwa mzee mmoja wa Malaba. Nimeyataja haya ili ajue kwamba ninayemjibu sijafumba macho.

Basi kwa nini bado naamini?

Kwa sababu imani ya Kikristo haikuanza na tangazo kwamba Wakristo ni watu wema. Ingeanza hivyo, ingekuwa imekwisha kufa zamani, na ingestahili kufa. Ilianza na tangazo la jambo lililotokea: Yesu aliyesulubiwa chini ya Pontio Pilato, akazikwa, alifufuka. Paulo aliiweka imani yote juu ya jambo hilo moja, akawapa wapinzani wake mahali hasa pa kupiga: "Kama Kristo hakufufuka, basi kuhubiri kwetu ni bure, na imani yenu ni bure." Tazama hakusema "kama Wakorintho ni wanafiki, imani ni bure." Nao Wakorintho walikuwa na mambo! Walikuwa wakishtakiana mahakamani, mmoja wao alikuwa akiishi na mke wa babaye, wengine walilewa kwenye meza ya Bwana wakati maskini wa kanisani wana njaa. Paulo aliyajua yote, ameyaandika katika waraka ule ule.

Katika waraka huo, sura ya 15, anataja waliomwona Yesu akiwa hai: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara, zaidi ya watu mia tano kwa pamoja, ambao wengi wao walikuwa bado hai alipokuwa akiandika, kisha Yakobo, kisha mitume wote. Aliandika kama mwaka 55, miaka ishirini na mitano hivi baada ya msalaba. Dada, pima muda huo kwa mambo ya kwetu. Ni kama mtu aandike leo habari ya moto wa Kanungu wa tarehe 17 Machi 2000, siku wafuasi wa kundi la Kibwetere na Mwerinde walipoteketea ndani ya jengo lao la ibada. Waliouona moshi bado wanaishi, majirani wapo, walioondokewa na ndugu wapo. Ukiandika uongo juu ya siku ile, wapo wa kukuumbua kabla ya jua kuzama. Paulo aliandika katika hali hiyo, tena akiwaelekeza watu kwa mashahidi walio hai. Naye mwenyewe alikuwa mtesi wa kanisa. Hakuwa na faida ya kubuni habari iliyomletea mapigo na kifungo.

Kanungu nimeitaja kwa sababu nyingine pia. Viongozi wa kundi lile walidai maono ya Bikira Maria, wakawaambia watu wauze mali zao na wanyamaze. Hata kuongea kwa kawaida kulikatazwa, wakitumia ishara. Unafiki wa dini unahitaji kimya kama mwizi anavyohitaji giza. Shika hilo, nitalirudia.

Maana sasa nataka umwonyeshe kijana wako jambo moja katika Biblia ambalo kwangu lina nguvu kuliko hoja nyingi za wasomi. Kundi la waongo huficha aibu ya viongozi wake. Ndivyo mlivyoambiwa nanyi mfanye. Lakini fungua Injili zote nne: katika kila moja utamkuta Petro, kiongozi wa mitume, akimkana Yesu mbele ya kijakazi. Zote nne! Kanisa lilipoanza kuenea, na Petro akiwa jina kubwa kuliko yote, hakuna aliyesema "tusimwaibishe mzee". Nenda Wagalatia 2, umwone Paulo akimkaripia Petro huyo huyo mbele ya watu wote kule Antiokia, kwa sababu alikula na watu wa mataifa, kisha walipokuja wageni kutoka kwa Yakobo akajitenga. Paulo analiita jambo hilo unafiki. Soma Yohana 12:6: Yuda alishika mfuko wa pesa na alikuwa akiiba. Mweka hazina wa kwanza wa kundi la Yesu alikuwa mwizi, na Injili imeandika hivyo bila kupaka chokaa. Daudi, aliyetunga zaburi tunazoziimba, alizini na kumuua mtu, na zaburi ya toba yake ina kichwa kinachotaja dhambi yenyewe.

Watu wanaoandika hivyo hawalindi jina lao. Wana kitu kingine cha kukilinda ambacho ni kikubwa kuliko jina lao.

Na wa kwanza kuupata ule ujumbe wa asubuhi ya ufufuo ni akina nani? Wanawake. Katika zama ambazo ushuhuda wa mwanamke haukuthaminiwa, mtu wa kubuni asingewachagua wao. Luka anasema walipowaeleza mitume, maneno yao yalionekana kama upuzi. Wanawake walikuwa na ukweli, na wazee wa kundi wakawaona wapayukaji. Nadhani wewe na wenzako 31 mnajua hali hiyo ilivyo.

Tuje kwenye neno lenyewe, mnafiki. Kiswahili tumelipata kutoka Kiarabu, nako kuna sura nzima ya Kurani yenye jina hilo, kwa hiyo jirani zetu Waislamu nao wanalijua donda hili. Katika Kigiriki cha Injili neno lililotumika lilikuwa la mwigizaji wa jukwaani, mtu aliyevaa sura isiyo yake akazungumza maneno asiyoyaishi. Katika Biblia nzima hakuna aliyelitumia kwa ukali kama Yesu. Mathayo 23 yote ni hiyo: "Ole wenu, waandishi na Mafarisayo, wanafiki!" Makahaba na watoza ushuru hakuwaita hivyo hata mara moja.

Lakini sehemu inayokuhusu zaidi ni mwisho wa Marko 12. Yesu anawaonya watu wajihadhari na viongozi wanaopenda kusalimiwa sokoni na kuketi viti vya mbele, ambao wanakula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mstari unaofuata, Yesu anakaa kuielekea sanduku la sadaka, na anakuja mjane maskini anatia senti mbili, riziki yake yote. Tumezoea kuihubiri habari ya mjane huyo siku ya harambee, ili watu watoe. Isome pamoja na mistari iliyotangulia. Yesu ametoka sasa hivi kulaani wanaokula mali za wajane, na mbele yake mjane anatia yote aliyo nayo katika sanduku lililo chini ya mikono ya watu wale wale. Na aya chache mbele anasema hekalu lile halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mimi siwezi kuisoma sehemu hiyo kama sifa ya utoaji tu. Alikuwa anamwona. Anamwona, na anajua kiasi alichotia, mpaka senti.

Kwa hiyo mwambie kijana wako: hasira anayoisikia kwa ajili ya mama yake, Yesu alikuwa nayo kabla yake, na kwa sehemu ndiyo iliyofanya auawe. Akimwacha Yesu kwa sababu ya wanafiki, atakuwa amemwacha adui mkubwa wa unafiki aliyepata kutokea.

Hilo la "mpakwa mafuta" limeniudhi, naomba niliseme vizuri. Linatoka Zaburi 105:15. Soma kuanzia mstari wa 12. Wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wasio na nguvu, wakitangatanga kati ya falme, na Mungu akawakataza wafalme wasiwadhuru. Mstari ule ulikuwa wa kumkinga mnyonge dhidi ya mkubwa. Kwenu umegeuzwa ukawa wa kumkinga mkubwa dhidi ya wajane. Tena tazama tukio lenyewe, Mwanzo 20. Ibrahimu alimdanganya mfalme Abimeleki kwamba Sara ni dada yake. Mungu alimlinda Ibrahimu, ndiyo, lakini Abimeleki, mtu wa nje, akamwita na kumuuliza: umetutenda nini? Biblia haimkemei Abimeleki kwa kuuliza. Na Daudi alipokataa kumuua Sauli, aliyepakwa mafuta kweli, alimpigia kelele kutoka mbali jeshi zima likisikia, akiinua kipande cha vazi kama ushahidi. Kutomdhuru mtu na kutomhoji ni mambo mawili tofauti.

Nina deni langu katika jambo hili. Miaka yangu ya mwanzo ya uchungaji niliujua wizi wa namna hii katika kanisa nililotumwa. Nikanyamaza. Nilijiambia nalinda mwili wa Kristo. Familia moja iliyoibiwa iliondoka bila kuaga na haijarudi kusali mahali popote. Nimetubu mbele za Mungu na nimekwenda nyumbani kwao kuomba msamaha, lakini wale watoto walikua bila imani, na kimya changu kina sehemu humo.

Sasa mfanye nini. Mtume Paulo amemwachia Timotheo kanuni ya mzee wa kanisa anayeshtakiwa, 1 Timotheo 5:19-20: mashtaka yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu, na akiendelea kutenda dhambi akemewe mbele ya wote. Ninyi ni mashahidi 32. Nendeni wachache kwake kwanza, kama Mathayo 18 inavyoagiza, mkiwa na kila alama ya malipo mliyobakiza. Akikataa, pelekeni kwa maandishi kwa viongozi walio juu ya parokia yenu, msiishie kwa waliowanyamazisha. Na kama kanisa linakataa kuamua, kwenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au polisi si dhambi. Watawasomea 1 Wakorintho 6 kwamba ndugu wasishtakiane. Waambieni waendelee hadi mstari wa 8, Paulo anapowageukia wenye hatia: ninyi mnadhulumu, tena ndugu zenu.

Msamaha upo, na najua Bwana atakudai siku moja usiubebe uchungu huu hadi kaburini. Lakini Zakayo alipokutana na Yesu hakusema "nisameheni". Alisema atarudisha mara nne. Walokole wa kwanza wa nchi hii walilielewa hilo kuliko sisi. Neno lenyewe mlokole tumelichukua kutoka Kiganda, kutoka kwa wale waliofuata uamsho uliounganishwa na Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, waliokutana Namirembe mwaka 1929. Watu walisimama wakakiri kwa majina ya dhambi zao, wakarudisha ng'ombe, vyombo vya kazini, pesa za ofisi. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Wakubwa wengine wa kanisa hawakupenda, na mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia Mukono kwa sababu ya bidii hiyo. Uamsho nao ulikuja kugawanyika, na wako waliougeuza kuwa mashindano ya utakatifu. Lakini katika ule ule uamsho aliokoka, mwaka 1948, mwalimu mmoja wa Acholi aitwaye Janani Luwum. Akawa Askofu Mkuu, na tarehe 16 Februari 1977 akauawa kwa sababu yeye na maaskofu wenzake hawakunyamaza mbele ya Idi Amin. Nilikuambia unafiki unahitaji kimya. Kanisa hilo hilo lenye mzee wenu ndilo lililomzaa mtu huyo. Kijana wako akipima mti kwa matunda, na Yesu amemruhusu, basi aweke matunda yote mezani.

Wokovu wako. Swali hili liliulizwa Afrika ya Kaskazini miaka 1,700 iliyopita. Wakati Diokletiano, mtawala wa Roma, alipowatesa Wakristo, baadhi ya viongozi wa kanisa walitoa Maandiko yachomwe ili wapone, na baadaye waumini wakauliza kama ubatizo waliopewa na watu hao una thamani. Kundi lililoitwa Wadonati lilisema hauna. Augustino, askofu wa Hippo, alijibu kwamba aliyebatiza kwa kweli ni Kristo, na uchafu wa mkono wa mtumishi hauingii katika zawadi. Mimi niko naye. Siku ile kwenye mkutano hukujitoa kwa mzee. Ulilia mbele za Yesu, na Yesu hajala pesa zako.

Na wewe si mnafiki. Mnafiki anajua moyoni hakuna kitu na anaipenda hali hiyo ibaki, kwa sababu inamlipa. Wewe unaimba huku unaumia, na umeniandikia kwa sababu unataka ulimi na moyo wako vikutane. Yuko baba katika Marko 9:24 aliyesema mambo mawili kwa pumzi moja: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyuma akajipange. Alimponya mwanawe. Ukifika ubeti ambao huwezi kuuimba kwa kweli, nyamaza hapo, uwaache wengine waimbe, halafu uendelee unapoweza. Hakuna atakayekulaumu mbinguni kwa ubeti mmoja.

Kijana usimburute. Mwombe radhi kwa niaba yetu, na umweleze habari ya daftari hatua kwa hatua, mlikwenda kwa nani na mkajibiwa nini, ili akuone hufichi. Siku atakapokuwa na utulivu, mwambie msome pamoja Injili ya Marko. Ni fupi kuliko nyingine tatu. Kaeni wawili nyumbani, jioni, ukishafunga biashara, bila mchungaji, na mkifika sura ya 12 msiharakishe.